Kabla Hujamnyang'anya, Muulize Amepimaje

Nina jambo la kukiri, na nalikiri humu kwenye jarida letu kwa sababu wengi wenu wa Elimu mwakani mtasimama pale niliposimama mimi: mbele ya darasa la Kidato cha Pili lenye wanafunzi sitini na nne, chaki mkononi, na kijana wa dawati la nyuma ameinama anafanya mambo yake chini ya meza.

Ilikuwa wiki yangu ya tatu ya BTP, kwenye shule moja ya kata karibu na Makambako. Masomo yangu ni Hisabati na Jiografia. Nilikuwa ubaoni na pembetatu mbili, ABC na PQR, nikashuka taratibu hadi nyuma kama tulivyofundishwa. Nikamkuta na basi. Basi la boksi, urefu wa rula moja na ushee. Vioo vyake ni filamu ya eksirei iliyokwisha kazi. Ekseli ni spoku za baiskeli zilizopitishwa ndani ya mirija ya kalamu ili zizunguke vizuri. Matairi sita ni vifuniko vya chupa za maji, viwili mbele na vinne nyuma. Wakati mimi nahangaika na ABC, yeye alikuwa anabandika vile vioo vya pembeni vya dereva.

Nikalichukua. Lingeishia hapo lisingekuwa kosa kubwa, maana kipindi ni kipindi. Lakini nikaongeza na maneno: "Hivi wewe unadhani uko chekechea?" Darasa likaangua kicheko. Na mimi, mwalimu mgeni ninayetafuta heshima, nikaona hapo nimepiga bao.

Nikaliweka juu ya kabati la ofisi ya walimu, pamoja na simu mbili zilizokamatwa na mpira wa makaratasi. Mwalimu mmoja wa siku nyingi pale akalitazama akasema, "Hao ndio mautingo wa kesho, madamu. Usijichoshe." Nikacheka.

Wiki mbili baadaye nikatoa jaribio la mfanano wa maumbo. Yule kijana akapata 14 kwa 100. Nilikuwa nasahihisha jioni peke yangu ofisini, baridi ya Makambako mnaijua mliofika, na nilipofika kwenye karatasi yake nikainua macho nikaliona basi lake. Rundo la madaftari lilikuwa limewekwa juu yake na paa limebonyea. Nikalishusha. Sijui kwa nini, nikachukua rula.

Kifuniko kimoja: sentimita 3. Urefu wa basi: sentimita 34 na nusu. Upana: 7 na kidogo. Sasa, basi kubwa la abiria, haya ya mikoani tunayopanda likizo, lina urefu wa kama mita 12 na upana wa mita 2 na nusu. Tairi lake, lile la rimu ya inchi 22.5, lina kimo cha mita moja na sentimita kama 5. Nikagawanya tairi kwa tairi: 105 kwa 3, jibu 35. Nikagawanya urefu kwa urefu: 1,200 kwa 34.5, karibu 35. Upana kwa upana: karibu 35 tena. Nikarudia nikidhani nimekosea.

Jamani, kijana aliyepata 14 kwa 100 kwenye mfanano wa maumbo alikuwa ametengeneza umbo linalofanana na basi halisi pande zote kwa uwiano mmoja, na mimi nilikuwa nimemnyang'anya umbo hilo ili asikilize somo la mfanano wa maumbo.

Kesho yake nikamwita wakati wa mapumziko. Akaja amejikunyata, "Shikamoo madamu," anasubiri fimbo. Nikamuuliza swali moja tu: umepimaje?

Akaniangalia kwanza aone kama namtega. Halafu akaeleza. Makambako ni njia panda, barabara kuu ya Dar kwenda Tunduma inaachana hapo na ile ya Njombe na Songea, kwa hiyo magari makubwa yapo saa zote. Alikwenda pale mabasi yanapolala. Akachukua kamba, akapima kimo cha tairi, akakata kamba hapo hapo. Halafu akatembeza ile kamba ubavuni mwa basi kuanzia pua hadi mkia: mara kumi na moja na nusu. Akapima upana kwa nyuma: mara mbili na kitu, "haifiki nusu, madamu." Mlango, dirisha la kwanza, umbali kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, vyote akavihesabu kwa tairi. Nyumbani akachukua kifuniko na kukilaza juu ya boksi mara kumi na moja na nusu. Basi. Hakutumia rula wala kikokotoo.

"Sasa kwa nini vifuniko?" nikamuuliza. "Si ungekata matairi kwenye ndala, watoto wote wanafanya hivyo?"

Akasema ndala ukiikata kwa wembe, duara la kwanza halilingani na la sita, na gari likishakuwa na matairi yasiyolingana linakaa upande. Vifuniko vimetoka kiwandani, vyote sawa. Kwa hiyo tairi ndilo linalokuja kwanza, na gari zima linafuata tairi.

Nikamjaribu. "Lori la mita saba, kwa vifuniko hivi, litakuwa la sentimita ngapi?" Akafikiri kidogo tu. "Mita saba ni vifuniko saba kasoro. Kama ishirini hivi." Gawanya 700 kwa 35 uone mwenyewe.

Swali kama hilo hilo lilikuwa kwenye jaribio langu, namba nne. Tofauti ni kwamba pale lilikuwa kwa Kiingereza na lilihusu PQR. Mwezi Novemba atalikuta tena kwenye mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili, na asipofikisha kiwango anarudia darasa. Kwa hiyo wanaoniambia hizi ni habari za midoli nawaomba wakumbuke kwamba mtoto anaweza kupoteza mwaka mzima huku jibu analo mfukoni.

Niliporudi chuoni nikaanza kusoma kuhusu watu wanaotengeneza magari ya mfano kwa vipimo. Kumbe huko duniani ni shughuli ya watu wazima wenye akili zao timamu. Wana skeli zao zinazojulikana. Ile ya 1:24, ambayo magari mengi madogo hutengenezwa nayo, imetokana na vipimo vya Kiingereza: nusu inchi ya modeli inasimama badala ya futi moja ya gari halisi. Ile ya 1:12 ni inchi moja kwa futi. Wamarekani wana 1:25 yao, wanayoitumia sana kwa magari na malori ya plastiki ya kuunganisha.

Lakini kilichonishika ni 1:35. Kampuni ya Tamiya ya Japani, ambayo kabla ya plastiki ilikuwa ya mbao, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitaka kutengeneza kifaru cha plastiki kinachotembea kwa mota. Ukubwa wa kifaru hicho haukutoka kwenye kitabu cha hesabu. Kilitengenezwa kwa ukubwa wa kutosha kuingiza betri na mota ndani yake, na walipokuja kupiga hesabu ilikuwa karibu na 1:35. Wengine wakafuata, na leo hiyo ni skeli ya kawaida ya modeli za magari ya kijeshi duniani. Yaani betri ndiyo iliyoamua. Na kijana wa Makambako, bila kusikia habari za Tamiya, alifika kwenye namba ile ile kwa sababu kifuniko cha chupa ndicho kilichoamua. Aliyonayo aliyageuza kuwa kipimo. Wahandisi nao hufanya hivyo.

Jambo la pili nililolikuta liliniuma zaidi. Marekani, kuanzia 1930 hadi 1968, kampuni ya General Motors iliendesha shindano lililoitwa Fisher Body Craftsman's Guild. Vijana wa umri wa sekondari walitengeneza magari ya mfano kwa mikono yao, kwa skeli ya 1:12, wakayatuma, na washindi walipewa fedha za kusomea chuo kikuu. Mmoja wa washindi wa 1947, Charles Jordan, baadaye alikuja kuwa mkuu wa ubunifu wa magari wa General Motors nzima. Kampuni ilielewa kwamba kijana anayeweza kukaa miezi na gari la mbao hadi pande zote zikalingana ana kitu ambacho karatasi ya mtihani haikioni. Sisi tuna kabati la ofisi ya walimu.

Nisisahau kasoro yake: shindano lile lilikuwa la wavulana tu. Na hapa naingia mimi. Nyumbani kwetu kaka zangu walikuwa mafundi wa magari ya waya, yale ya usukani mrefu unaotembea huku umesimama. Kusini mwa Afrika yapo hadi Malawi, ambako neno lao la gari, galimoto, ndilo pia jina la mdoli huo. Mimi niliruhusiwa kushika waya wakati wao wanakunja, halafu naitwa jikoni. Hakuna aliyenikataza kwa maneno. Lakini nimemaliza mwaka wa pili wa Hisabati chuo kikuu bila kuwahi kupima kitu nikakitengeneza kikakaa sawa. Ndiyo maana nilipoliona basi sikuona hesabu. Sikuwa na jicho la kuiona.

Kwa hiyo wiki ya mwisho ya BTP nikaamua kurudia mada ile ile, safari hii na kitu cha kushika. Nilimwomba kijana alete basi lake. Nilikuwa nimemrudishia. Alilishika kiganjani, akafumba jicho moja akalitazama kwa pembeni, akasema taratibu, "Chesisi imepinda, madamu." Hakutaka kulileta mbele ya darasa likiwa vile, na sikumlazimisha.

Nikatengeneza changu. Nilichagua kontena, na nawashauri na ninyi mchague kontena, kwa sababu vipimo vyake ni sawa dunia nzima na kila mtoto wa barabarani analijua. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06, upana 2.44, kimo 2.59. Kwa 1:35 inakuwa sentimita 17.3 kwa 7 kwa 7.4. Rahisi, si ndiyo? Nilikesha. Pande hazikukutana. Kila nikikunja, upande mmoja unazidi, kifuniko cha juu hakiingii. Asubuhi nikaingia nalo darasani hivyo hivyo, limefungwa na gundi kama mgonjwa mwenye bandeji.

Nikalieleza, darasa likafuatilia, maswali yakaja mengi kuliko wiki zote nane. Halafu mkono ukanyooka nyuma. Yule yule. "Madamu, umesahau unene wa boksi."

Nikamwambia aje mbele. Akaeleza kwamba boksi la kawaida lina unene wa milimita kama 3, na upande mmoja ukikaa ndani ya mwingine lazima upunguze unene huo kila kona. Mwenzake mmoja akazidisha palepale: milimita 3 mara 35 ni zaidi ya sentimita 10. Kwa hiyo kontena la madamu lilikuwa na kuta nene kupita kiasi! Wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa halali yangu. Akanishauri nitumie karatasi ya manila au boksi jembamba la dawa ya meno, na kabla ya kukunja nipitishe kalamu iliyoisha wino kwenye mstari ili kona iwe kali. Nimefanya hivyo. Inakubali.

Siku hiyo hiyo tulifika hata kwenye mada ambayo haikuwa kwenye andalio langu. Mmoja aliuliza kwa nini basi la boksi halivunjiki wakati boksi ni laini. Tukapiga hesabu: urefu ukipungua mara 35, eneo linapungua mara 1,225, na ujazo mara 42,875. Basi la tani 18 likipunguzwa hivyo kwa vifaa vile vile linakuwa na uzito wa gramu 420 tu. Uzito hukimbia haraka kuliko eneo linaloubeba. Ndiyo maana kitu kidogo cha boksi kinasimama, na basi halisi la boksi lingelala chini siku hiyo hiyo. Galileo aliliandika hilo mwaka 1638, na watoto wa shule ya kata walilifikia kabla ya kengele ya saa sita.

Sasa najua mtasema nini, maana wenzangu chumbani wameshasema yote.

La kwanza: kijana alikuwa anafanya kazi nyingine wakati wa kipindi. Kweli, na hilo silitetei. Wembe na gundi kali chini ya dawati ni hatari, na ningekuwa mwalimu mkuu ningekataza. Mimi nalalamikia kilichofuata baada ya kulichukua: kicheko, kabati, na wiki mbili za kutouliza chochote.

La pili: si kila anayetengeneza gari la boksi anapima. Wengi wanakata kwa macho. Ni kweli pia, na hakuna ubaya, mtoto acheze. Lakini hutajua nani anapima na nani anakisia mpaka uulize.

La tatu ni la wale wa kisasa zaidi: "Huyo sasa apelekwe mkondo wa amali, mtaala mpya umeshaanza." Mtaala mpya ni jambo jema, na tangu 1967, ilipotoka Elimu ya Kujitegemea, tumekuwa tukisema mikono na akili visitenganishwe. Ila nasikia jinsi sentensi hiyo inavyotamkwa kwenye ofisi za walimu. Inatamkwa kama hukumu, kwamba aliyeshindwa hesabu aende akagonge nyundo. Huyu hakushindwa hesabu. Alishindwa karatasi yangu. Akitaka ufundi aende akiwa fundi anayejua hesabu yake, na akitaka uhandisi asizuiwe na herufi PQR.

La nne ni la rafiki yangu wa Biashara, ambaye kila kitu kwake ni mtaji: "Mwambie auze, shilingi elfu kumi moja." Sawa, akitaka auze. Lakini tusifike mahali ambapo kitu hakina thamani mpaka kiuzwe. Sasa hivi mezani kwangu kuna kichwa cha Scania kinachojengwa jioni baada ya msuli, na sijamwuzia mtu. Kimenifundisha subira kuliko madesa yote niliyodurufu, na kwa mara ya kwanza najua uwiano kwa vidole.

Kwa hiyo maombi yangu ni mawili, na yote hayahitaji bajeti. Kwa serikali yetu ya wanafunzi: siku ya vipaji tuna jukwaa la waimbaji na wanamitindo, na tunawapenda. Wekeni na meza moja pembeni kwa wanaotengeneza vitu kwa vipimo. Najua wapo, maana tangu niweke kontena langu dirishani wameshanigongea mlango watatu, mmoja wao dada wa Sheria mwenye daladala ya bati chini ya kitanda.

Kwa ninyi mnaokwenda BTP mwakani: mtamkuta. Atakuwa dawati la nyuma, ameinama. Lichukue gari lake mpaka kengele ilie, ni haki yako. Kengele ikilia muulize amepimaje, usikilize jibu hadi mwisho. Na katikati ya hapo lishike vizuri, ulikalishe kwa matairi yake, na usikubali mtu aweke madaftari juu yake.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Elimu, Hisabati na Jiografia.